Muuguzi Anapoomba Baraka ya Safari: Somo kutoka Kitabu cha Tobiti



Ndugu wapendwa, majandokasisi na waamini wote, somo letu la Mafundisho Jamii ya Kanisa safari hii linatoka karibu kabisa na mlango wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Asubuhi kivuko kinapofika Magogoni kutoka Kigamboni, kati ya wachuuzi wa samaki, mafundi na wanafunzi, hushuka wauguzi. Wengine wanakwenda Ocean Road, wengine Mnazi Mmoja, wengine wanatafuta daladala ya Muhimbili. Baadhi yao wameajiriwa. Baadhi wamemaliza chuo, wana leseni mkononi, lakini wanajitolea wodini kwa kupewa nauli tu, huku wakisubiri tangazo la ajira.

Kati ya hawa wapo wanaokuja parokiani baada ya Misa na ombi moja: "Padre, nimepata njia ya kwenda kufanya kazi ng'ambo. Naomba baraka yako, na barua ya utambulisho." Mchungaji atajibu nini? Akimwambia "nenda salama" na kumwekea mkono kichwani, amemaliza wajibu wake? Akimwambia "unawakimbia wagonjwa wa nchi yako", amesema haki? Na wazazi wanaotaka kuuza kiwanja ili binti asafiri, wanahitaji kusikia nini kabla hawajauza?

Tutajibu kwa hatua nne: historia ya mahali petu, mafundisho ya Kanisa, hali halisi ya ajira hizi, na mwanga wa Kitabu cha Tobiti. Mwishoni yapo maswali kwa ajili ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo.

1. Bandari hii imewaona wauguzi wakija

Leo tunazungumza juu ya wauguzi wanaoondoka. Tukumbuke kwamba mwanzo walikuja. Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani, mabruda na masista, walianza kazi Pugu. Walihudumia wagonjwa na kulea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ile ilishambuliwa wakati wa vita vya Abushiri, na Sista Martha Wansing akauawa pamoja na mabruda wawili. Masista wengine waliendelea kuja. Walijifunza lugha ya watu, wakauguza watu ambao hawakuwa ndugu zao kwa damu, na wengi wakazikwa katika udongo huu.

Kwa hiyo Kanisa letu haliwezi kusema kwamba muuguzi anayevuka bahari ni msaliti kwa sababu tu amevuka bahari. Sisi wenyewe ni matunda ya wauguzi waliovuka bahari.

Lakini jirani na Magogoni ipo Kariakoo, na jina lake lina kumbukumbu nyingine. Linatokana na maneno ya Kiingereza "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokuwa na kambi yao pale. Vijana walichukuliwa kutoka vijijini kwao kubeba mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao. Wengi hawakurudi. Hapakuwa na mkataba waliousoma wala mtu wa kuwatetea.

Basi katika mji huu huu tuna safari za aina mbili. Ipo ya mtu aliyetumwa, anayejua anakokwenda na kwa nini. Ipo ya mtu aliyebebwa ili abebe. Kazi ya mchungaji ni kumsaidia muuguzi atambue safari yake ni ya aina gani kabla hajapanda ndege.

2. Kanisa linafundisha nini

Mafundisho ya Kanisa juu ya wahamiaji yana pande mbili, na anayeshika upande mmoja tu hupotoka.

Upande wa kwanza ni haki ya kuhama. Papa Pius XII aliitetea familia inayohama katika hati yake Exsul Familia ya 1952, akiiweka mbele ya macho yetu Familia Takatifu ikiwa ugenini Misri. Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya 1963, aliiweka haki ya kuhamia nchi nyingine kati ya haki za binadamu, pale zipo sababu za haki. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya 1981, namba 23, alifundisha kwamba mtu ana haki ya kuondoka kwao kutafuta maisha bora, na pia ana haki ya kurudi. Alisema kwamba kuhama ni hasara kwa nchi inayoachwa, maana inaondokewa na mtu ambaye akili na mikono yake ingeijenga. Akasisitiza pia kwamba mfanyakazi mgeni asipunjwe kwa sababu ya ugeni wake.

Upande wa pili ni haki ya kutolazimika kuhama. Kwa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani ya mwaka 2023, Papa Fransisko alichagua mada juu ya uhuru wa kuchagua kuhama au kubaki. Uhuru huo haupo kama kubaki maana yake ni kukaa miaka mitatu na leseni ya uuguzi bila mshahara. Anayeondoka katika hali hiyo amesukumwa. Lawama tusimtupie yeye peke yake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inagawa wajibu: nchi zenye neema zimpokee mgeni anayetafuta usalama na riziki kadiri ziwezavyo, naye mgeni aheshimu urithi na sheria za nchi iliyompokea. Kuhama basi ni jambo la haki na wajibu kwa wote watatu: anayeondoka, anayemwacha aondoke na anayempokea.

3. Hali halisi

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika taarifa yake ya mwaka 2025 juu ya hali ya uuguzi, linahesabu wauguzi wapatao milioni 29.8 duniani, na upungufu wa milioni 5.8. Karibu muuguzi mmoja kati ya saba anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa. Nchi tajiri, ambazo wazee wake wanaongezeka, zinavuta wauguzi kutoka kwa wenzao.

Kwa sababu hiyo, Mei 2010 nchi wanachama wa WHO zilipitisha kanuni za maadili za kimataifa kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje. WHO pia huandaa orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa zinazohitaji kulindwa. Orodha ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo. Majirani zetu Wakenya hawamo katika orodha hiyo, na serikali yao ilitia saini makubaliano na Uingereza juu ya wahudumu wa afya Julai 2021, kisha makubaliano ya uhamiaji na ajira na Ujerumani Septemba 2024. Ndiyo maana habari anazopata muuguzi wetu kutoka kwa rafiki wa Nairobi haziwi zake moja kwa moja.

Hapa lipo jambo ambalo kila paroko na kila mzazi anapaswa kulielewa. Uingereza hufuata orodha hiyo ya WHO. Kwa nchi zilizomo, waajiri na mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kwenda kusaka wauguzi, isipokuwa serikali mbili zimekubaliana. Muuguzi mmoja mmoja hakatazwi kuomba kazi mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa hiyo mtu anayekuja Kariakoo, anakodi chumba ghorofani, anabandika tangazo kwamba ametumwa na hospitali za serikali ya Uingereza kukusanya wauguzi Watanzania, na anadai "ada ya kushika nafasi", ana maswali mazito ya kujibu. Kanuni za Uingereza zinakataza kumtoza mwombaji ada ya kuajiriwa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, nao umeweka msingi huo: mtafuta kazi asitozwe na wakala.

Njia halali ni ndefu, na urefu wake una sababu. Muuguzi huanza na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, TNMC, ambalo huthibitisha kwa baraza la nchi nyingine kwamba amesajiliwa na hana doa la kinidhamu. Anayekwenda Uingereza hushughulika na baraza la huko, NMC. Huthibitisha Kiingereza chake kwa mtihani wa IELTS au OET, hufanya mtihani wa kompyuta uitwao CBT, kisha akifika huko hufanya mtihani wa vitendo, OSCE. Marekani hudai mtihani wa NCLEX. Ujerumani hudai Kijerumani, kwa kawaida hadi ngazi ya B2, na wengi hufanya kazi kama wasaidizi, kwa mshahara mdogo, mpaka cheti chao kitambuliwe. Nchi za Ghuba huhakiki vyeti chuoni na kazini ulikotoka, kisha hutoa mtihani wao. Mwenye cheti cha ngazi ya chini atakuta milango mingi inadai stashahada au shahada. Ni heri ajue hilo kabla hajalipia chochote.

4. Kitabu cha Tobiti

Wengi wetu tunakikumbuka Kitabu cha Tobiti kwa ajili ya ndoa ya Tobia na Sara. Tukisome safari hii kama kitabu cha familia inayomsafirisha kijana wake kwa ajili ya fedha. Tobiti yuko ugenini Ninawi, amepofuka, nyumba imefilisika. Anakumbuka talanta kumi za fedha alizoziweka kwa Gabaeli huko Rage, katika nchi ya Umedi. Anamwita mwanae. Tazama mambo wanayoyafanya.

Kwanza, hati. Katika Tob 5:3 tunasikia kwamba Tobiti na Gabaeli waliandikiana hati, ikagawanywa sehemu mbili, kila mmoja akabaki na yake. Muuguzi anayeambiwa kwamba mkataba atausaini akishafika hana sehemu yake ya hati. Mkataba uwe mkononi kabla ya tiketi, katika lugha anayoielewa. Utaje jina la kazi, kituo, mshahara, saa, likizo, nani analipa nauli na mitihani, na itakuwaje akiacha kazi mapema. Kifungu cha mwisho huumiza wengi: baadhi ya waajiri humdai muuguzi arudishe gharama zote akiondoka kabla ya muda. Jina la kazi nalo lisomwe kwa makini. Kumtunza mzee nyumbani kwake ni kazi ya heshima, lakini si uuguzi, haina mshahara wa muuguzi, na viza yake ni nyingine. Uingereza, kwa mfano, iliacha kuwachukua watunzaji wapya kutoka nje Julai 2025, lakini wapo wanaoendelea kuuza nafasi hizo ambazo hazipo.

Pili, mwandani. Tobiti anamwagiza Tobia atafute mtu mwaminifu. Anapomleta Azaria, mzee hatosheki na sura nzuri. Anamuuliza ni wa ukoo gani na kabila gani (Tob 5:9-14). Kwa wakala wa leo, maswali ya Tobiti ni haya: una leseni ya serikali ya Tanzania kama wakala wa ajira? Ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira inakufahamu? Mwajiri ni nani, na tunaweza kumwandikia wenyewe kwa anwani iliyo katika tovuti yake rasmi? Wakala anayekasirishwa na maswali haya amejibu tayari. Na yeyote anayeomba kukaa na hati ya kusafiria ya mtu, hapa au huko, akataliwe. Nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na Kanisa lina Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyejua kwa mwili wake maana ya kuuzwa.

Tatu, hesabu. Tobiti anapanga ujira wa mwandani: drakma moja kwa siku, na gharama za njiani (Tob 5:15). Anajua safari itagharimu kiasi gani. Bwana wetu naye anafundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, aketi kwanza apige hesabu (Lk 14:28). Familia iketi na karatasi. Upande mmoja waandike mitihani, tafsiri za vyeti, vipimo, viza, tiketi, na chakula cha mwezi wa kwanza. Upande wa pili waandike mshahara uliobaki baada ya kodi, pango, umeme na nauli za huko. Kosa la kawaida ni kuugeuza mshahara wote kuwa shilingi na kushangilia. Anayelipwa kwa pauni hula kwa pauni. Kiwanja cha familia kisiuzwe kwa ajili ya ahadi. Kama pesa lazima itumike, ianze kwa kulipia kitu ambacho kitabaki kuwa cha muuguzi hata asiposafiri, kama masomo ya lugha na mtihani wa lugha.

Nne, machozi ya Ana. Tobia alipoondoka, mama yake alilia na kumlaumu mumewe kwamba fedha haikustahili kulinganishwa na mtoto (Tob 5:18-20). Maandiko hayamkemei kwa kulia. Baadaye, siku zilipopita, kila siku alitoka kuitazama njia (Tob 10). Muuguzi mwenye mume na watoto asiambiwe kwamba machozi ni ukosefu wa imani. Sheria ya Kanisa, kanuni 1151, inawakumbusha wanandoa wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kuna sababu halali. Kwa hiyo safari ya mwenye ndoa iamuliwe na wawili, na waulizane waziwazi: ni kwa muda gani? Mume ataweza kumfuata lini, na sheria ya nchi ile inaruhusu? Nani atalala na watoto usiku, si nani atalipa ada?

Tano, ujira wa Ana. Tobiti alipopofuka, mkewe alifanya kazi ya kusuka kwa malipo. Siku moja waajiri wakamwongezea mwanambuzi, na mumewe akamshuku kwamba ameiba, wakagombana (Tob 2:11-14). Wanandoa wa leo wanakutana na jaribu hili mke anapokuwa mleta riziki kutoka mbali. Aliyebaki huona aibu, aibu hugeuka shuku, na shuku huja kwa simu saa nane za usiku wakati mwenzake ametoka zamu. Na upande wa ndugu, kila harusi, kila msiba na kila paa linalovuja huwa ni la "yule aliyeko nje". Kabla ya kusafiri familia ikubaliane: kiasi gani kitatumwa, kwa nani, na kiasi gani ni cha muuguzi mwenyewe, kisichoombwa. Tobiti alimwonya mwanae asilaze ujira wa mfanyakazi (Tob 4:14). Ndugu wanaomaliza mshahara wa dada yao kabla hajaupokea, wanalaza ujira wa mfanyakazi.

Sita, kurudi na dawa. Fedha za Gabaeli zilifika, lakini kilichomponya Tobiti ni nyongo ya samaki, dawa ambayo Tobia alifundishwa njiani (Tob 6 na 11). Jina Rafaeli lenyewe maana yake ni Mungu anaponya. Muuguzi anayeondoka leo anaweza kurudi na ujuzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, wa kutunza watoto njiti, wa kuwauguza wenye saratani. Hata asiporudi kuishi, anaweza kurudi kufundisha wakati wa likizo. Anayesafiri aulizwe tangu mwanzo: utatuletea dawa gani?

5. Wajibu wetu tunaobaki

Haitoshi kumpa muuguzi orodha ya tahadhari. Sisi tunaomsindikiza tunadaiwa pia.

Paroko asiandike barua ya utambulisho kwa wakala asiyemjua. Amwulize kwanza muuguzi maswali ya Tobiti, na amtafutie katika parokia mwanasheria au mtumishi wa afya wa kuusoma mkataba pamoja naye. Ampatie cheti chake cha ubatizo chenye kumbukumbu ya kipaimara, maana atakihitaji akitaka kufunga ndoa huko. Amsaidie kujua parokia iliyo jirani na atakapoishi, ili Dominika ya kwanza asiwe peke yake.

Jumuiya imtembelee mama aliyebaki. Simu ya jumuiya kwa aliye mbali isiwe ya michango tu.

Kanisa kama mwajiri nalo lijichunguze. Tuna zahanati na hospitali nyingi nchini, na wauguzi huondoka kwetu pia. Hatuwezi kuhubiri uzalendo kwa muuguzi ambaye mshahara wake tumeuchelewesha, au tuliyemwacha "ajitolee" mwaka wa pili akifanya zamu sawa na walioajiriwa. Haki ya kubaki huanza kwa mwajiri aliye karibu. Na serikali ikumbushwe bila woga wala matusi kwamba wodi zenye upungufu na wauguzi wasio na ajira haviwezi kukaa pamoja katika nchi moja kwa amani.

Kwa majandokasisi: siku moja mtaombwa baraka hii. Itoeni kwa furaha, kwa mtu aliyeshika sehemu yake ya hati. Kwa yule ambaye hana, baraka ya kwanza ni kumwambia angoje.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, nani amesafiri kwenda kufanya kazi nje? Tuliwasiliana naye lini mara ya mwisho bila kumwomba kitu?
2. Tukisoma Tob 5, ni maswali gani Tobiti aliuliza ambayo familia zetu huona aibu kumuuliza wakala?
3. Mume na mke wanapaswa kukubaliana mambo gani kabla mmoja hajasafiri? Na wakishindwa kukubaliana?
4. Taasisi zetu za parokia zinawalipaje wanaozitumikia? Nani kati yao angebaki kama angelipwa kwa wakati?
5. Tumwandalie sala ya kumwaga muuguzi wa kwanza atakayesafiri kutoka parokia yetu, tukimwomba Malaika Mkuu Rafaeli awe mwandani wake kwenda na kurudi.